Kodi ya mshahara inakatwaje: kuusoma mstari wa PAYE

Tuchukue mtunza ghala wa kiwanda kimoja cha Morogoro, ambaye mkataba wake unataja mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, posho ya nyumba ya shilingi 150,000 na posho ya usafiri ya shilingi 50,000. Akiulizwa analipwa kiasi gani, atajibu kwamba analipwa milioni moja, na hatakuwa amesema uongo. Lakini mwisho wa mwezi, ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu yake, kinachosomeka ni shilingi 677,000. Shilingi 323,000 zimeishia njiani, naye, kama wafanyakazi wengi, huitupia kodi lawama yote. Hati yake ya mshahara inasema vingine. Katika fedha hizo kodi ni shilingi 103,000. Shilingi 100,000 zimekwenda NSSF kuwa akiba yake ya uzeeni, na shilingi 120,000 zimekwenda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa sababu alisoma chuo kikuu kwa mkopo na deni hilo hulipwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi.

Hiyo 103,000 ndiyo inayoitwa PAYE, au kwa Kiswahili cha maofisa wa kodi, Lipa Kadri Unavyopata. Kwa asili yake ni kodi ya zuio: mlipaji wa fedha anazuia sehemu ya kodi kabla fedha hazijamfikia mpokeaji, kisha anaiwasilisha Serikalini kwa niaba yake. Uingereza ilianza kuutumia utaratibu huo mwaka 1944, katikati ya Vita Kuu ya Pili, na nchi za Afrika Mashariki ziliuchukua baadaye pamoja na sehemu kubwa ya sheria zao za kodi. Tanzania leo inauendesha kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Sheria haimpi mwajiri hiari katika jambo hili. Asipokata, deni halifutiki, bali yeye mwenyewe anawajibika kulilipa, kisha ahangaike na mwajiriwa wake namna ya kurudishiana.

Ugomvi mwingi kuhusu PAYE ukiuchunguza utaona kuwa ni ugomvi wa mpangilio, yaani nini kinatangulia kutolewa na nini kinafuata. Mhasibu anaanza kwa kujumlisha kila kinachohesabika kuwa pato la ajira, na jumla hiyo ndiyo mshahara ghafi. Kisha anatoa mchango wa mwajiriwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii unaotambuliwa, kwa kuwa sheria inaruhusu mchango huo uondolewe kabla ya kodi. Kinachobaki ni pato linalotozwa kodi, na hapo ndipo jedwali la viwango linapoingia. Makato mengine yote, yaani mkopo wa elimu ya juu, mchango wa bima ya afya, ada ya chama cha wafanyakazi na marejesho ya SACCOS, hutolewa baada ya kodi kukokotolewa na hayaipunguzi hata kwa shilingi moja. Mfanyakazi anayekatwa shilingi 200,000 za SACCOS kila mwezi anatozwa kodi sawasawa na mwenzake wa mshahara uleule asiyedaiwa na mtu.

Turudi kwa mtunza ghala. Mshahara ghafi wake ni 1,000,000, na asilimia 10 ya NSSF ni 100,000, kwa hiyo pato linalotozwa kodi ni 900,000. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Tanzania Bara Julai 2021, fedha hiyo haitozwi kwa mkupuo mmoja, bali inakatwa vipande kama muwa, na kila pingili ina kiwango chake. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Shilingi 250,000 zinazofuata, hadi kufika 520,000, zinatozwa asilimia 8, nayo ni shilingi 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 kuna shilingi 240,000 zinazotozwa asilimia 20, nayo ni shilingi 48,000. Zinabaki shilingi 140,000, ambazo zimeingia katika ngazi ya asilimia 25, na kodi yake ni shilingi 35,000. Jumla ni 103,000. Kama pato lake lingevuka milioni moja, kila shilingi iliyo juu ya hapo ingetozwa asilimia 30, ambayo ndiyo ngazi ya mwisho.

Ukitazama hesabu hiyo kwa makini, hofu moja iliyoenea maofisini inayeyuka yenyewe. Wapo watu wanaoamini kwamba nyongeza ya mshahara inaweza kumsukuma mtu kwenye ngazi ya juu, kodi ikapanda, akaishia kupata pungufu ya alichokuwa akipata zamani. Nimewahi kumsikia mtu akisema waziwazi kwamba bora abaki chini ya milioni. Lakini ngazi mpya haigusi pingili zilizotangulia. Mwenye pato la 1,000,000 linalotozwa kodi analipa 128,000. Likipanda hadi 1,010,000 analipa 131,000. Katika ile nyongeza ya shilingi 10,000 Serikali imechukua 3,000, na 7,000 ni zake. Hakuna mahali popote katika jedwali hili ambapo kuongezwa mshahara kunaipunguza fedha ya mkononi kwa sababu ya kodi. Kinachoweza kumpoteza mtu ni kuiona asilimia 30 akadhani ndiyo kodi ya mshahara wake wote, ilhali mtunza ghala wetu, ambaye pato lake limefika ngazi ya asilimia 25, kodi yake ni zaidi kidogo ya asilimia 10 ya mshahara ghafi.

Mpangilio huohuo ukikosewa, gharama yake si ndogo. Mimi mwenyewe, katika ajira yangu ya pili, nilikaa miezi mitano nikikatwa kodi juu ya mshahara ghafi badala ya kile kilichobaki baada ya mchango wa hifadhi ya jamii. Mshahara ulikuwa 1,200,000. Hesabu sahihi ilitakiwa kuanza na 1,080,000, na kodi iwe 152,000. Hati yangu ilikuwa inaonyesha 188,000. Tofauti ni 36,000 kwa mwezi, ambayo ni ileile asilimia 30 ya mchango wangu wa 120,000. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyetengeneza lile jedwali la kompyuta alikosea safu moja, na kila mwezi likawa linanakiliwa lilivyo. Niligundua siku niliyokaa na kalamu na karatasi, na baada ya mazungumzo yenye adabu na mhasibu, shilingi 180,000 zikarudi kwenye mshahara wa mwezi uliofuata.

Hesabu yenyewe, basi, ni ya darasa la saba. Penye utata wa kweli ni pale mwanzo kabisa, kwenye swali la nini kihesabiwe kuwa pato. Watu wengi hudhani kwamba posho, kwa kuwa inaitwa posho, haitozwi kodi. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi jina hilo halina kinga yoyote: posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya muda wa ziada, zote zinajumlishwa na mshahara. Haziingii fedha anazolipwa mtu kwa safari ya kikazi, wala matibabu na chakula cha kantini vinavyotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Kwa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya Serikali, sheria hiyohiyo imeziondoa kwenye hesabu posho za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu.

Tofauti hiyo si ya nadharia. Mweke mtunza ghala wetu katika ghala la wizara, kwa mshahara wa msingi uleule wa 800,000 na posho zilezile za 200,000. Atachangia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, asilimia 5 ya mshahara wa msingi, yaani 40,000, pato lake linalotozwa kodi litakuwa 760,000, na kodi yake 68,000 badala ya 103,000. Watu wawili, kazi moja, malipo yaleyale kwa mwezi, na kodi zinazopishana kwa shilingi 35,000. Upo utetezi wake, kwamba mishahara ya umma ilikuwa midogo na posho zikawa njia ya kuitia nguvu, lakini kwangu mimi utetezi huo haujawahi kutosha kueleza kwa nini kodi ya mtu itegemee nani anamlipa.

Pato pia si lazima liwe fedha taslimu. Mwajiri akimpa mtumishi gari la kutumia hata kwa mambo yake binafsi, thamani ya matumizi hayo inaongezwa kwenye pato lake kwa kufuata ukubwa wa injini na umri wa gari. Gari lenye injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 na umri chini ya miaka mitano linahesabiwa kuwa shilingi 500,000 kwa mwaka. Likizidi miaka mitano linashuka hadi 250,000. Gari kubwa, la zaidi ya cc 3,000, ni 1,500,000 likiwa jipya na 750,000 likiwa limezeeka. Anayeendesha gari kubwa la kampuni mwishoni mwa wiki atajikuta analipia kodi kiasi ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na gharama halisi ya gari hilo, na hilo maofisa wakubwa wanalijua vizuri.

Ngazi za kodi zimewekwa kwa shilingi, na shilingi haikai mahali pamoja. Hadi Juni 2020, mstari wa chini kabisa ambao pato halitozwi kodi ulikuwa 170,000 kwa mwezi. Julai mwaka huo ukapandishwa hadi 270,000. Kiwango cha kwanza nacho kimekuwa kikishushwa: mwaka 2016 kilitoka asilimia 11 hadi 9, na mwaka 2021 kikawa 8, baada ya kilio cha vyama vya wafanyakazi kilichokuwa kikirudiwa kila Mei Mosi. Ushindi huo ni wa kweli, lakini tazama kilichofuata kwa mtumishi wa kima cha chini serikalini. Mwaka 2021 alikuwa analipwa 300,000; ukitoa PSSSF, pato linalotozwa kodi lilikuwa 285,000, na PAYE yake ilikuwa shilingi 1,200. Mwaka 2022 kima hicho kilipandishwa hadi 370,000, na kodi ikawa 6,520. Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1 iliyokifikisha 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kwa jedwali lilelile, PSSSF ni 25,000, pato linalotozwa kodi ni 475,000, na PAYE ni 16,400.

Hakuna aliyepandisha kodi, lakini kodi ya mtu huyo imeongezeka zaidi ya mara kumi na tatu ndani ya miaka minne, huku mshahara wake ukiwa haujafika hata mara mbili. Sababu ni kwamba nyongeza yote imeangukia juu ya mstari wa 270,000, ambao wenyewe haukusogea. Serikali inayopandisha kima cha chini bila kugusa ngazi inarudishiwa sehemu ya nyongeza hiyo kimyakimya. Katika zile shilingi 130,000 zilizotangazwa Singida, 9,880 zilirudi Hazina kwa njia ya PAYE, na 6,500 zikaenda PSSSF.

Utata mwingine unatokana na kalenda. Kodi ya mapato ya mtu binafsi ni kodi ya mwaka, kuanzia Januari hadi Desemba, na zile ngazi za mwezi ni ngazi za mwaka zilizogawanywa kwa kumi na mbili: 270,000 ni sehemu ya 3,240,000. Kwa mwenye mshahara usiobadilika hilo halina athari, kwa sababu ukizidisha kodi ya mwezi kwa kumi na mbili unapata kodi ya mwaka. Linaanza kuuma pale fedha nyingi zinapoingia kwa mwezi mmoja, kama bonasi ya Desemba au malimbikizo ya mtu aliyepandishwa daraja miezi mingi iliyopita na barua yake ikachelewa. Chukua mtu mwenye pato la 600,000 linalotozwa kodi, ambaye kwa kawaida hukatwa 36,000. Mwezi mmoja anapokea malimbikizo ya 1,200,000. Mhasibu akitumia jedwali la mwezi peke yake, pato linakuwa 1,800,000 na kodi inakuwa 368,000. Yaani malimbikizo yamekatwa 332,000. Hesabu ya mwaka mzima inasema vingine: pato la mwaka ni 8,400,000, kodi yake ni 672,000, na sehemu iliyoletwa na malimbikizo ni 240,000 tu. Shilingi 92,000 zimekatwa zaidi ya zilizostahili, na huyo aliyekwishacheleweshewa haki yake ana sababu ya kumwomba mhasibu arekebishe katika miezi iliyobaki, au kuomba marejesho TRA kwa kutumia namba yake ya mlipakodi.

Kwa mantiki hiyohiyo unaweza kuelewa kwa nini ajira ya pili inatozwa kwa ukali. Daktari anayefundisha chuoni jioni, au mhasibu anayeshika vitabu vya kampuni mbili, anakuta kwamba mwajiri wa pili anakata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Mwajiri wa kwanza ameshampa zile 270,000 zisizotozwa kodi na ngazi nyepesi zinazofuata. Wa pili naye akimpa, atakuwa amezipata mara mbili. Ila kwa mtu ambaye mishahara yake yote miwili ni midogo, asilimia 30 inaweza kuzidi kodi anayostahili kwa mwaka, na hapo ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato yake yote anayoiwasilisha TRA, inakuwa na faida kwake. Mwenye ajira moja tu na asiye na pato lingine kwa kawaida hahitaji kujaza ritani, kwa sababu makato ya mwajiri yameshamaliza kazi.

Ipo mikataba inayotaja kiasi cha kufika mkononi, hasa katika miradi na kwa watu wanaoajiriwa majumbani. Mwajiri anasema, nitakupa laki tano, makato ni juu yangu. Kodi haijaondoka hapo, bali hesabu imegeuzwa na inaanzia chini kwenda juu. Ili laki tano ibaki, pato linalotozwa kodi lazima liwe 520,000, kwa kuwa kodi yake ni 20,000. Na ili 520,000 ibaki baada ya asilimia 10 ya NSSF, mshahara ghafi lazima uwe kama 577,778. Bado mwajiri hajaweka mchango wake mwenyewe wa NSSF. Anayetangaza laki tano ya mkononi akidhani gharama yake ni laki tano atashtuka siku ya ukaguzi.

Nchini Kenya mkondo ni uleule, ila mlango wa kuingilia ni tofauti. Badala ya ngazi ya sifuri, shilingi 24,000 za Kenya za kwanza zinatozwa asilimia 10, kisha kila mkazi anapewa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi inayotolewa kwenye kodi yenyewe. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, kwa hiyo matokeo ya chini yanafanana na yetu. Tofauti kubwa iko baada ya hapo: ngazi ya juu Kenya inafika asilimia 35, mwajiri huwasilisha kodi ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na hata mwenye mshahara mmoja anatakiwa kuwasilisha ritani kufikia tarehe 30 Juni. Mtanzania anayehamia Nairobi kikazi hupitiwa na hilo la mwisho, akadhani mwajiri amemmalizia kila kitu.

Tanzania, mwajiri anatakiwa kuiwasilisha PAYE ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Pamoja nayo analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, iwapo idadi ya wafanyakazi wake imefika kiwango kilichowekwa, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hivi viwili ni mzigo wa mwajiri peke yake, na mfanyakazi akiviona kwenye safu ya makato ya hati yake ana haki ya kuhoji, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mshahara ukatwe kitu kisichotamkwa na sheria, amri ya mahakama au makubaliano. Sheria hiyo pia inataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi, kwa hiyo mwajiri anayelipa mshahara bila hati yoyote anamnyima mfanyakazi nyenzo pekee ya kukagua hesabu hizi.

Mwaka ukiisha, kuna karatasi nyingine ambayo wachache huiulizia. Mwajiri anatakiwa kumpa kila mwajiriwa cheti cha kodi iliyozuiwa kabla ya tarehe 30 Januari, na kwa aliyeacha kazi katikati ya mwaka, ndani ya siku thelathini tangu ajira ilipokoma. Kinaonyesha jumla ya alicholipwa na jumla ya alichokatwa. Mwenye kudai marejesho anakihitaji, na mwenye kuhama kazi Agosti anakihitaji zaidi, maana mwajiri mpya hana njia nyingine ya kujua ni kiasi gani cha ngazi za mwaka huo kimeshatumika.